Mwaka Uliorukwa: Tamthilia ya Mad Men Ikitazamwa Kutoka Kolwezi

Kazi ya sanaa inayokusudia kusawiri kipindi fulani cha historia huweza kuhakikiwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo iliyozoeleka, ni kupima usahihi wa yale yaliyoonyeshwa: mavazi, lugha, vyombo vya nyumbani, adabu za watu. Namna ya pili ni kuitazama kalenda ya kazi yenyewe na kuuliza ni siku zipi mtunzi amezisimulia na ni siku zipi ameziruka. Makala haya yanafuata namna ya pili. Kazi inayochunguzwa ni tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Mad Men, iliyobuniwa na Matthew Weiner na kuonyeshwa na stesheni ya AMC kuanzia Julai 2007 hadi Mei 2015, katika misimu saba yenye vipindi 92. Mahali tunapoitazamia ni Kolwezi, katika ukanda wa shaba wa Lualaba. Hoja yetu ni kwamba ukiwa mahali hapo utaliona katika kalenda ya tamthilia hii pengo ambalo mtazamaji wa New York hana sababu ya kulishuku.

Msomaji anaweza kuuliza mji wa wachimbaji wa shaba unahusiana nini na wauza maneno wa Madison Avenue. Uhusiano upo, na ni wa kihistoria, wala si wa kubuniwa na mhakiki. Katika miaka ileile inayosimuliwa na tamthilia hii, Katanga yenyewe ilikuwa bidhaa iliyotangazwa mjini New York. Ilikuwa na ofisi yake huko, ilikuwa na wapiga debe wake, na ilinunuliwa nafasi gazetini kama inavyonunuliwa kwa ajili ya sabuni au sigara.

Tuanze hata hivyo na fani, kwa kuwa sifa za Mad Men zimejengwa hapo na si haki kuzipita. Mandhari yake makuu ni ofisi ya kampuni ya matangazo ya biashara iitwayo Sterling Cooper. Kisa kinafunguka Machi 1960 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 1970. Katika muda huo wa miaka kumi mtazamaji haambiwi kwamba jamii inabadilika. Huyaona mabadiliko katika urefu wa sketi, katika nani anabisha mlango kabla ya kuingia na nani habishi, katika nani anaagizwa alete kahawa. Peggy Olson anaingia akiwa karani mpiga chapa wa siku ya kwanza, na hadi mwisho wa kisa amekuwa mtunzi wa matangazo anayetegemewa. Hakuna tukio moja linalotangaza ukombozi wake. Amepanda kwa ngazi ndogo ndogo, na karibu kila ngazi amelipishwa kitu. Usawiri wa namna hii ni nadra katika televisheni, ambayo kwa kawaida hupenda mhusika aamke asubuhi moja akiwa amebadilika.

Mhusika mkuu, Don Draper, amechongwa kwa ustadi zaidi. Jina lake la kuzaliwa si hilo. Ni Dick Whitman, mtoto wa kahaba aliyelelewa katika ufukara, akaenda vitani Korea, na huko akachukua jina la ofisa wake aliyekufa. Kwa lugha ya dukani tunaweza kusema kwamba bidhaa ni ileile, kilichobandikwa upya ni jina. Hapa fani na maudhui vimeshikana barabara: mtu anayeishi kwa kuvalisha bidhaa majina naye amejivalisha jina. Katika kipindi cha kwanza kabisa anatakiwa kuokoa sigara za Lucky Strike wakati ambapo haiwezekani tena kudai kwamba hazidhuru. Jawabu lake ni kuwashauri wenye kampuni waseme kwamba tumbaku yao imekaangwa. Wenyewe wanashangaa, kwani kila kampuni hukaanga tumbaku yake. Draper hajali. Jambo la wote likitangazwa na mmoja huwa lake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tamthilia nzima ni ubishi dhidi ya methali hiyo, na uzuri wake ni kwamba haituambii nani ameshinda. Draper anaamini kwamba hakuna kizuri kinachojiuza, na anafanikiwa. Lakini yeye mwenyewe, ambaye ndiye bidhaa yake iliyofanikiwa kuliko zote, hatulii nyumbani wala ofisini.

Sasa tuigeukie kalenda. Msimu wa kwanza unaishia Novemba 1960, baada ya uchaguzi wa rais ambao kampuni ya Sterling Cooper iliufanyia kazi kwa upande wa Nixon. Msimu wa pili unafunguka Februari 1962, siku ya wapendanao. Kati yake kuna miezi kumi na minne ambayo mtazamaji haoneshwi. Wahakiki wa Marekani hulieleza pengo hili kwa sababu za kiufundi: mtunzi alitaka kuwakuta wahusika wake mbele, ndoa zimekwisha kuchakaa na watoto wamekua. Maelezo hayo yanakubalika, wala hatumshitaki mtunzi kwa nia mbaya. Lakini mtu wa Kolwezi anayehesabu miezi kwa vidole hawezi kukosa kuona ni mwaka gani uliodondoka.

Ni mwaka 1961. Moïse Tshombe alikuwa ametangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliuawa karibu na Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Ilikuwa baada ya uchaguzi ule wa Marekani na siku tatu kabla ya Kennedy kuapishwa. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alitangaza kifo hicho kwa simulizi la uongo kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Siku mbili baadaye Wamarekani weusi, miongoni mwao Maya Angelou na mwimbaji Abbey Lincoln, walisimama katika jukwaa la wageni la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kulivuruga baraza kwa maandamano. Tendo hilo lilifanyika New York, katika jiji lilelile ambamo wahusika wetu wanakunywa wiski saa nne asubuhi. Tarehe 18 Septemba ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ilianguka karibu na Ndola, akiwa njiani kwenda kuonana na Tshombe. Desemba majeshi ya Umoja wa Mataifa na ya Katanga yalipigana tena Elisabethville. Yote haya yamo ndani ya pengo lile moja.

Na si mara moja tu. Msimu wa pili unaishia Oktoba 1962 kwa hofu ya makombora ya Kyuba. Wa tatu unafunguka majira ya kuchipua ya mwaka 1963. Katikati ya misimu hiyo Katanga ya Tshombe ilifika mwisho, na ilifika mwisho Kolwezi. Ndiko Tshombe na mabaki ya jeshi lake, pamoja na askari wa kukodiwa, walikojificha baada ya kufukuzwa miji mingine, wakitishia kulipua mabwawa ya umeme na mitambo ya migodi. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Kolwezi tarehe 21 Januari 1963. Mji ulipona. Hii ndiyo tarehe ambayo mwanafunzi wetu wa historia huijua kwa moyo, nayo imeangukia kwenye mfereji mwingine kati ya misimu.

Kama jambo lingekuwa ni vita tu, tungeweza kusema kwamba tamthilia ya ofisi haina wajibu wa kusimulia vita vya mbali. Lakini jambo lenyewe lilikuwa ni matangazo. Serikali ya Tshombe, ambayo hakuna taifa lililoitambua rasmi, ilifungua New York ofisi ya habari ya Katanga chini ya Mbelgiji Michel Struelens. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi waandishi, maseneta na wananchi wa Marekani. Aliifanya kwa bidii kiasi kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilijaribu kumnyang'anya viza, na mwaka 1962 shauri lake likawa jambo la kuulizwa katika kamati ndogo ya Seneti. Mwishoni mwa mwaka 1961 ikaundwa pia kamati ya Wamarekani ya kuwasaidia wale walioitwa wapigania uhuru wa Katanga. Mratibu wake alikuwa Marvin Liebman, mtaalamu wa uhusiano na umma ambaye ufundi wake ulikuwa kuunda kamati, kukusanya majina makubwa chini ya barua moja na kuchangisha fedha kwa posta. Mwenyekiti alikuwa Max Yergan, Mmarekani mweusi aliyewahi kuwa kiongozi wa Baraza la Mambo ya Afrika kabla ya kuhamia upande wa kulia wa siasa. Tarehe 14 Desemba 1961 kamati hiyo ilichapisha katika New York Times tangazo la ukurasa mzima lililoifananisha Katanga na Hungaria.

Tulichambue tangazo hilo kama ambavyo Draper angelichambua. Msomaji wa Marekani wa mwaka 1961 hakujua Katanga iko wapi. Hungaria aliijua: mwaka 1956 aliona picha za vifaru vya Kirusi vikiingia Budapest. Mtunzi wa tangazo hakuhitaji kueleza mipaka ya jimbo, wala mikataba ya madini, wala nani anamlipa nani. Alichohitaji ni kuhamisha hisia iliyokwisha kuwamo moyoni mwa msomaji kutoka mahali anapopajua kwenda mahali asipopajua. Baada ya uhamisho huo Umoja wa Mataifa ukawa Urusi, na Tshombe akawa kijana wa Budapest mwenye jiwe mkononi. Ni ufundi uleule wa tumbaku iliyokaangwa. Uhuru ulikuwa umepatikana na Wakongo wote tarehe 30 Juni 1960. Ukitangazwa na mmoja, ukawa wake.

Tangazo lolote huficha kitu, na la Katanga lilificha mengi. Kaskazini mwa jimbo wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe walikuwa wakipigana na utawala wa Tshombe, na mwaka huohuo maelfu kwa maelfu ya Waluba walikimbilia kambini Elisabethville chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo taifa moja lililosimama pamoja lilikuwamo zaidi gazetini kuliko Katanga. Hazina ya taifa hilo nayo ilitegemea hasa kodi na malipo ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, yaani shaba na kobalti iliyochimbwa na wazee wetu, ambao wengi wao walikaa katika kambi za Kolwezi. Bidhaa ilikuwa na vibandiko vyake vyote: bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, stempu, na sarafu za mwaka 1961 zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Msalaba huo ulikuwa fedha ya kale ya mafundi wa Katanga, karne nyingi kabla ya Mbelgiji yeyote. Kuutoa kaburini na kuuweka kwenye sarafu ya nchi yenye umri wa miezi michache ni tendo la mtu anayeijua kazi yake.

Ajabu ni kwamba tamthilia yenyewe ina tukio ambalo lingeweza kutufikisha hapa. Katika msimu wa nne, mwaka 1965 wa kisa, Lucky Strike wanaihama kampuni na wateja wengine wanaogopa kuja. Draper anakaa usiku, anaandika barua, na kununua ukurasa mzima wa New York Times kutangaza kwamba kampuni yake haitachukua tena kazi ya sigara. Aliyeachwa anajitangaza kuwa ndiye aliyeacha. Hasara inavishwa joho la dhamiri. Ni moja ya sehemu bora za tamthilia hii, kwani inamwonyesha mtazamaji jinsi ukurasa mzima wa gazeti unavyoweza kugeuza maana ya tukio kabla wino haujakauka. Anayeijua kurasa ile ya Desemba 1961 hutazama sehemu hii kwa macho mengine. Draper wa kubuniwa anaokoa kampuni ya watu kadhaa. Wenzake wa kweli, miaka minne kabla yake, walitumia ukurasa wa gazeti lilelile kutetea jimbo lenye migodi, mabwawa na askari wa kukodiwa.

Wapo watakaosema kwamba tunaidai tamthilia jambo lisilo lake. Watasema kuwa Mad Men inasawiri upofu wa tabaka fulani la Wazungu wa Marekani, na kwamba njia ya kiuhalisia ya kusawiri upofu ni kutomwonyesha mtazamaji yale ambayo kipofu hayaoni. Hoja hii ina nguvu na inastahili jibu. Ni kweli kwamba Wamarekani weusi wa tamthilia hii wamewekwa pembeni kwa makusudi. Carla analea watoto wa Draper kwa miaka, kisha anafukuzwa kazi kwa hasira ya dakika moja. Hollis anaendesha lifti. Katika msimu wa tatu kijana Pete Campbell amegundua katika hesabu kwamba televisheni za Admiral zinanunuliwa sana na watu weusi, na anamsimamisha Hollis ndani ya lifti amhoji anapenda televisheni gani. Hollis anajibu kwa tahadhari ya mtu anayejua kwamba swali lolote la bwana linaweza kumgharimu. Pete ana takwimu sahihi na hana habari kabisa ya mtu aliyesimama mbele yake. Wenye Admiral nao, walipopelekewa wazo la kuwatangazia weusi, walilikataa. Msimu wa tano unafunguka kwa vijana wa kampuni pinzani kuwamwagia maji kutoka dirishani waandamanaji wa haki za raia, jambo lililotokea kweli mwaka 1966 katika kampuni ya Young & Rubicam; na baadaye Dawn anaajiriwa kuwa karani wa kwanza mweusi.

Katika visa hivi vyote tunamwona kipofu na tunaona pia kile asichokiona. Hollis yupo. Carla yupo, na uso wake wakati anafukuzwa unasema zaidi ya hotuba. Huo ndio ufundi wa kusawiri upofu. Lakini kuruka mwaka si kusawiri upofu wa mhusika. Ni pengo la msimuliaji. Mhusika anapofumba macho, mtazamaji bado anatazama. Kalenda inapofumba macho, hakuna anayetazama. Tofauti hii ndogo ya kifani ndiyo inayotufanya tukatae utetezi huo kwa nusu yake, na kuukubali kwa nusu nyingine.

Kolwezi ya wakati huo ilikuwaje? Mji ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937, na kila kitu chake kilipangwa kwa mantiki ya mgodi. Kampuni ilimpa mfanyakazi nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto. Wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba katika vituo vya jamii. Ukiwatazama wanawake hao na ukamtazama Betty Draper jikoni kwake, utaona kwamba mke wa nyumbani wa mwaka 1960 alitengenezwa katika viwanda viwili tofauti. Betty alitengenezwa na matangazo, kwa kutamanishwa. Mama wa Kolwezi alitengenezwa na kampuni, kwa kufundishwa na kukaguliwa. Huko kwetu kampuni haikuhitaji kumtongoza mtu anunue, kwani ndiyo iliyokuwa inampa.

Hata hivyo ilihitaji kumwita jina. Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha gazeti lake na kuliita Mwana Shaba, jina ambalo Gécamines ililiendeleza baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967. Wachimbaji wakawa bana shaba. Neno hili linastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa idara ya Kiswahili, kwa kuwa ni tangazo lililofaulu kuliko yote yaliyowahi kutungwa katika ukanda wetu, na limetungwa kwa Kiswahili. Limebeba ndani yake ahadi ya uzazi: mwana ana baba, na baba halali mtoto akiwa na njaa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliposimulia kuporomoka kwa maisha hayo, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa picha ya bana shaba walioachwa na baba yao. Na kweli waliachwa. Gécamines iliyozalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hilo neno hiari nalo lingemfurahisha Draper.

Linganisha majina hayo mawili. Dick Whitman alijichagulia jina na akalikimbia la zamani. Mwana shaba alipewa jina na mwingine, akalipenda, na alipotaka kulidai haki zake akaambiwa kwamba aliyelitunga hayupo tena.

Imebaki suala la kumbukumbu, ambalo ni moyo wa tamthilia hii. Mwishoni mwa msimu wa kwanza Draper anawaonyesha watu wa Kodak mashine yao ya kuonyeshea slaidi, ile yenye gurudumu. Anatumia picha za familia yake mwenyewe, familia anayoiharibu, na kuwaeleza kwamba wanachouza si mashine bali ni njia ya kurudi mahali tulipopendwa. Mmoja wa wafanyakazi anatoka chumbani akilia. Watazamaji wengi nao walilia. Hisia hiyo Kiswahili hakina neno moja la kuitaja. Tunazunguka kwa kusema hamu ya zamani, au majonzi ya yaliyopita. Lakini Kiswahili cha Katanga kina neno jingine, na wachoraji wetu wa miaka ya 1970 walilifanya kuwa istilahi ya kazi yao: ukumbusho. Picha za akina Tshibumba Kanda Matulu zilitundikwa sebuleni ili ziwe ukumbusho. Picha iliyojulikana kwa jina la Colonie belge, yenye askari, mfungwa anayechapwa na Mzungu anayetazama, haikumrudisha mtu mahali alipopendwa. Ilimfanya mgeni aliyekaa kitini aulize, na mwenye nyumba asimulie, na mazungumzo yafike kwenye utawala wa siku hiyohiyo. Johannes Fabian, aliyechapisha mwaka 1996 masimulizi na picha za Tshibumba, alionyesha jinsi ukumbusho huu unavyomfikirisha mtu juu ya wakati wake mwenyewe.

Kwa kipimo cha ukumbusho, Mad Men imegawanyika. Inapomhusu Peggy, ni ukumbusho wa kweli. Mwanamke wa ofisi ya leo anaweza kuitazama na kuulizia mshahara wake. Inapohusu suti, bilauri na mwanga wa alasiri juu ya meza za mbao, inafanya biashara ileile ya gurudumu la Kodak, na si bure kwamba maduka ya nguo yaliichangamkia. Mwisho wake unajulikana: Draper amekaa juu ya nyasi pwani ya California akitafakari, anatabasamu, na skrini inabadilika kuwa tangazo la kweli la Coca-Cola la mwaka 1971, vijana wa mataifa mbalimbali wakiimba juu ya kilima. Dunia nzima imekuwa familia moja yenye chupa mkononi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Kongo ilipewa jina la Zaire, na baada ya hapo Katanga ikaitwa Shaba, jina lililodumu hadi 1997. Jimbo zima liliitwa kwa jina la bidhaa yake. Hakuna mtunzi wa Madison Avenue aliyewahi kupata kazi kubwa kiasi hicho.

Je, ukanda wetu unaweza kuwa na tamthilia ya namna hii? Mbegu zipo tangu zamani. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, liliigiza kwa Kiswahili cha mji katika redio na televisheni, na mwaka 1986 lilikwenda kijiji cha Kawama kuigiza mchezo wa mamlaka uliorekodiwa kwa televisheni. Waigizaji hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walijenga mchezo kwa majadiliano, na lugha yao ilichanganya Kifaransa pale ambapo mtu wa ofisini hukichanganya. Utaratibu huo ungefaa sana kwa kisa cha ofisi, maana uongo wa ofisini huishi katika kuchagua lugha. Kosa la kuliogopa ni kuanzia na nyumba nzuri za zamani za Gécamines na bustani zake, kwani hapo hamu ya zamani hutushika nasi kama ilivyomshika mtu wa Kodak.

Mtunzi wa hapa angeanzia Desemba 1961, katika vyumba viwili. Katika chumba cha New York watu wanapanga ukurasa wa gazeti kuhusu mji ambao hawajaufikia. Katika chumba cha kambini Kolwezi, mtoto wa shule anamsomea babake, aliyerudi zamu ya usiku, toleo la Mwana Shaba. Matoleo hayo bado yamo katika masanduku ya baadhi ya wastaafu, pamoja na vitambulisho vya kazi na picha za harusi, na idara zetu hazijaanza kuyakusanya.